Kivuli cha Mke wa Fundi

Chumba cha Fundi kilikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, iliyomlisha tangu ujana wake. Ya pili ilikuwa kompyuta ya michezo, sanduku refu lenye ubavu wa kioo, ambalo feni zake zilizunguka huku zikiwaka taa za zambarau. Wateja walioleta suruali za kupunguzwa waliitumbulia macho ile ya pili, kisha wakauliza ni ya mtoto yupi. Fundi hakuwa na mtoto. Alijibu bila kuinua kichwa, "Ni yetu, mimi na mke wangu," nao wakacheka kwa adabu, kama watu wanavyomchekea mwenye kichaa kidogo asiyemdhuru mtu.

Mkewe alikuwa nesi, na mtaa mzima ulimwita Nesi. Mumewe naye alimwita hivyo hivyo, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea. Kompyuta ile aliiunda yeye mwenyewe juu ya meza ya kukatia vitambaa, skrubu kwa skrubu, kwa vidole vilivyozoea kutafuta mishipa ya wagonjwa. Kazi ya Fundi ilikuwa kushika tochi na kuulizauliza. Ilipokamilika, aliishonea kifuniko cha kitambaa kizito ili nyuzi na vumbi la cherehani visiingie ndani. Adui wa kuonekana Fundi alimmudu vizuri; yule asiyeonekana alimwachia mkewe.

Mchezo walioupenda ulikuwa mmoja tu. Mchezaji hupewa bonde tupu, akalima, akajenga, akafuga, na watu wawili wanaweza kuingia bonde moja hata kama kila mmoja yuko upande wake wa dunia. Humo walijenga nyumba ya mawe yenye baraza, wakachimba kisima, wakapanda bustani ya maua ya manjano. Waliweka pia benchi la kutazama mto. Waliwahi kununiana kutwa nzima kwa sababu ya benchi hilo, mmoja akitaka likae karibu na mlango, mwingine karibu na maji. Nesi alishinda, kama kawaida yake, likawekwa karibu na maji.

Kisha Nesi akapata mkataba katika hospitali ya nchi ya mbali. Walilizungumza jambo hilo kwa muda mrefu, wakakubaliana kwa vinywa huku mioyo ikikataa. Siku chache kabla ya safari aliwaketisha mbele ya kompyuta mumewe na dada mkubwa wa mumewe. Dada huyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mpana wa mwili na wa sauti, aliyeishi nyumba ya pili kutoka pale.

"Wifi, nisikilize," Nesi alianza. "Kule wodini dawa kali tunazifungia kwenye kabati la kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao huyu, wa pili anao yule. Mmoja akishikwa na wazimu wake, kabati halifunguki. Na hii nimeifanya vivyo hivyo. Fundi ataingia kwa mlango wa kawaida, atacheza, atafanya mambo yake. Lakini kuweka programu mpya, au kuzima kinga ya virusi, lazima neno kuu la siri. Nusu ya mwanzo nampa yeye. Nusu ya mwisho nakupa wewe."

"Kwani mimi siaminiki?" Fundi aliuliza, akijifanya ameudhika.

"Wewe unaaminika, mume wangu. Kidole chako ndicho kisichoaminika. Kikiona pameandikwa 'Kubali', kimeshabonyeza."

Dada alicheka mpaka kiti kikalia. Fundi akatolewa nje kama mtoto aliyekuja kusikiliza mambo ya wakubwa, na mawifi wawili wakanong'onezana.

Baada ya Nesi kuondoka, juma la Fundi likawa na siku moja tu, Jumapili. Siku nyingine zilikuwa ni za kusubiri. Jumapili alasiri Nesi aliazima kompyuta ya mwenzake wa hosteli, akaingia bondeni, na sauti yake ikasikika masikioni mwa mumewe kana kwamba ameketi ng'ambo ya meza. Kabla ya salamu kukamilika, alianza maswali ya kikazi.

"Umeisasisha?"

"Nimeisasisha, daktari."

"Kinga imekagua mashine yote?"

"Yote, hadi kucha."

"Hujafungua kiungo chochote ulichotumiwa na watu usiowajua?"

"Nesi, mimi nimeoa au nimelazwa?"

Hapo ndipo alipocheka, na kicheko hicho Fundi alikitunza juma zima. Baadaye Nesi alikwenda bustanini. Sikuzote alianza na maua, akayamwagilia safu kwa safu, akapita kisimani, kisha akaja kuketi upande wa kushoto wa benchi. Mara nyingine hawakuongea kitu. Walitazama mto wa rangi, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake kupitia waya, na Fundi alihisi kifua chake kikilegea kama nguo iliyofunguliwa vifungo.

Lakini hospitali haina Jumapili. Wauguzi walipungua kule ugenini, Nesi akapangiwa zamu za kufululiza. Jumapili ya kwanza aliomba radhi. Ya pili alituma ujumbe mfupi: "Nimechoka hadi mifupa. Nakupenda." Iliyofuata hakutuma kitu mpaka kesho yake. Fundi aliingia bondeni peke yake, akakuta maua yamesinyaa. Aliyamwagilia yeye, kisha akaketi upande wake wa benchi akiutazama ule wa kushoto. Alimkumbuka mkewe kwa namna inayouma, kama jino. Alikumbuka anavyovua viatu bila kuinama, anavyoimba nusu ya wimbo na kuisahau nusu ya pili. Mwanaume mzima alilia mbele ya mchezo, tena mchana, huku suruali ya mteja ikiwa magotini mwake.

Ni katika siku hizo ndipo alipokiona Kivuli. Alikiona kwenye ukurasa wa mtandaoni ambako wachezaji wa mchezo ule walibadilishana mbinu. Mtu asiyejulikana jina wala sura alikuwa ameweka programu ndogo, tena ya bure. Kazi yake, kwa maelezo yake, ilikuwa kusoma mienendo ya mchezaji mwenzako aliyewahi kuingia bondeni mwako, kisha kumtengeneza upya: sura ile ile, mwendo ule ule, awepo hata asipokuwepo. "Usikae tena peke yako," tangazo lilisema. Fundi alisoma sentensi hiyo moja mara nyingi kuliko alivyosoma maelezo mengine yote. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na sharti: kabla ya kuiweka, mtumiaji azime kinga ya virusi, kwa kuwa kinga huishuku programu hii bila sababu.

Mtu mwenye akili zake angejiuliza ni mgeni gani mwema anayetaka kwanza mbwa afungwe. Fundi naye alijiuliza, lakini kwa nusu dakika tu. Upweke ulikuwa umemzidi, na mwenye kiu haulizi kisima kimechimbwa na nani. Alikwenda kwa dada yake, akamkuta anakanda unga.

"Dada, kompyuta inadai neno kuu. Kuna kitu cha kusasisha."

"Wifi yangu anajua?"

"Anajua. Yeye ndiye aliyenituma."

"Mbona hakunipigia mimi?"

"Yuko kazini, dada. Si unazijua kazi zao."

Dada alifuta mikono kwenye aproni, akaongozana naye, akaandika nusu yake kwa kidole kimoja huku mkono wa pili ukikikinga kibodi kama mwanafunzi anayeficha majibu ya mtihani.

"Haya," alisema akiinuka. "Mimi nimefungua. Kama kuna uongo hapa, utaulizwa wewe."

Kinga ikazimwa. Kivuli kikaingia.

Tena kilifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Fundi alipofungua bonde, mkewe alikuwa bustanini. Alikuwa na lile gauni la buluu alilolichagua Nesi mwenyewe, ameinama, anamwagilia maua safu kwa safu. Alipomaliza alipita kisimani, akaja, akaketi upande wa kushoto wa benchi. Fundi alishusha pumzi. Alijua si yeye, lakini moyo ukishiba hauombi cheti. Tangu siku hiyo alishona huku skrini ikiwa wazi pembeni yake, na kila alipoinua macho alimwona mkewe akipita na ndoo.

Dalili zilikuja, naye akazifukuza kama inzi. Feni zilivuma hata wakati mashine haikuwa na kazi, akasema ni joto. Mchezo uliokuwa ukifunguka mara moja ukaanza kusuasua, akasema ni mtandao. Siku moja simu yake ilipata ujumbe kutoka kwa wenye mchezo: mtu ameingia katika akaunti yako kwa mashine nyingine, je, ni wewe? Fundi aliwaza kwamba huenda ni Kivuli, na kwa kuwa Kivuli ni chake, basi ni yeye. Alibonyeza: "Ndiyo, ni mimi." Kidole kile kile.

Jambo baya zaidi halikuwa ndani ya kompyuta. Nesi alipopata nafasi ya kupiga simu akiwa kwenye mapumziko, amechoka lakini ana hamu ya kuzungumza, Fundi alikuwa mtu aliyekwisha kushiba. Alijibu "mzima", akajibu "kazi nzuri", akajibu "wewe pumzika tu, usijisumbue". Nesi aliuliza kama kuna jambo. Fundi akasema hakuna, na jicho lake moja lilikuwa kwenye skrini, kwa yule asiyechoka wala kuuliza maswali.

Alasiri ya Jumatano, Fundi alikuwa akitia pindo gauni la sare, mguu kwenye cherehani. Alipoinua macho aliona wake zake wawili bondeni. Mmoja alikuwa bustanini akimwagilia maua safu kwa safu. Wa pili alikuwa amesimama mlangoni, kimya, hasogei, hafanyi lolote.

"Leo mmezaliana?" Fundi alitania peke yake. Alidhani programu imekwama ikatoa nakala mbili. Aliwatazama wote kwa zamu. Yule wa bustanini alitembea vile vile alivyomzoea. Yule wa mlangoni alikuwa kama gogo, naye akaamua kwamba huyo ndiye mbovu. Mwenye bonde ana uwezo wa kumtoa mgeni. Alielekeza kipanya kwa yule aliyesimama mlangoni, akabonyeza "Mtoe". Akatoweka. Fundi akarudi kwenye pindo lake.

Hakumaliza hata mshono mmoja kabla simu haijalia.

"Nesi! Mbona leo? Si Jumatano?"

"Umenitoa."

"Nimekutoa wapi?"

"Nyumbani." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nimeingia, nimekuta umekaa na mwanamke amevaa sura yangu. Nikasimama, nikawa naandika nikuulize huyo ni nani. Ukanitoa mimi, ukambakisha yeye."

Cherehani ilikuwa bado inazunguka kidogo kwa nguvu ya mguu uliokwisha kuondoka.

"Umeitoa wapi hiyo programu?" Nesi aliuliza. Sasa ilikuwa sauti ya wodini.

"Mtandaoni."

"Ya bure?"

"Ya bure."

"Ilikwambia uzime kinga?"

"Ndiyo."

"Na nusu ya wifi uliipataje?"

"Nilimwambia umenituma wewe."

Alimsikia akivuta pumzi. "Chomoa waya wa intaneti. Usizime kwanza, chomoa waya. Sasa hivi."

Alichomoa. Nesi, kwa ile kompyuta ya kuazima, alijaribu kurudi bondeni, akaambiwa neno la siri la bonde limebadilishwa. Alijaribu tena baada ya dakika chache, na safari hii akapewa jibu la mwisho: bonde hili halipo. Programu ile ilikuwa na jasusi ndani yake. Kila herufi aliyoigusa Fundi kwenye kibodi ilinakiliwa na kupelekwa kwa mtu wa mbali, na mtu huyo aliingia, akahamisha kila kilichofaa, akalifuta bonde lililobaki kama mwizi anayechoma nyumba baada ya kuiba. Walipowaandikia wenye mchezo kulalamika, walijibiwa kwa adabu kwamba mwenye akaunti aliulizwa, naye akathibitisha kuwa ni yeye.

Lakini majibu hayo yalikuja baadaye. Jumatano ile, kabla ya kukata simu, Fundi alijikaza akauliza, "Kwa nini uliingia leo? Hukuniambia."

"Nilitaka kukushtua kwa furaha," Nesi alisema. "Nimemsihi mwenzangu mpaka amekubali kubadilishana zamu. Ningekuwa nafanya za asubuhi tu. Tungekuwa tunaonana kila siku jioni, Fundi. Kila siku. Nilikuja nikwambie tukiwa pale kwenye benchi."

Simu ilikatika, au ilikatwa. Fundi hakuthubutu kujua ipi.

Alipogeuka, bonde lilikuwa limezimika na skrini ilikuwa nyeusi tupu. Kivuli tu ndicho kilichosalia, kwa kuwa chenyewe kiliishi ndani ya mashine. Kiliinama gizani, kikamwagilia mahali pasipo na ua, kikasogea hatua, kikamwagilia tena. Fundi alitazama mwendo ule alioupenda, na kwa mara ya kwanza aliuona ulivyo: hakuna mtu humo.

Alikwenda kwa dada yake kwa miguu yake mwenyewe, akakiri. Dada hakupiga kelele, na kwa mtu mwenye sauti ile, upole wake ulikuwa mkali kuliko matusi.

"Ulinifanya nimfungulie mwizi mlango wa wifi yangu," alisema. "Twende."

Walisafisha kwa maelekezo ambayo Nesi alimtumia dada kwa maandishi, si mumewe. Hakukuwa na njia ya mkato. Mashine iliyokaa na jasusi haiaminiki hadi ifutwe yote, iwe kama ilivyozaliwa. Walibadilisha kila neno la siri kwa kutumia simu ya dada. Kompyuta ilipouliza kama wana hakika wanataka kufuta kila kitu, Kivuli kilikuwa kimeketi kwenye kona ya giza, upande wa kushoto wa benchi lisilokuwepo. Fundi alisita.

"Unamlilia huyo?" dada aliuliza.

"Namlilia mwenyewe," Fundi alisema, akabonyeza.

Kinga ilirudishwa, safari hii na neno kuu jipya. Nusu zote mbili alipewa dada.

Fundi alifungua akaunti nyingine, akapewa bonde jingine, tupu. Alijenga upya kila jioni, katika saa ambayo Nesi angekuwa ametoka kazini. Nyumba ilikuwa rahisi, na kisima pia. Benchi aliliweka karibu na maji bila kubishana na mtu. Alimtumia mkewe mwaliko. Nesi alipiga simu Jumapili, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo ambalo lilimwumiza Fundi zaidi.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini nikitaka kuingia, naona bado nimesimama mlangoni, nawe unanitoa. Sijui lini nitaweza. Ile zamu ya asubuhi nimemrudishia mwenzangu. Ana watoto, ameniomba, nami jioni sikuwa tena na pa kwenda."

"Nitakungoja," Fundi alisema.

"Najua. Kula vizuri."

Dada yake alimkuta jioni moja ameketi mbele ya skrini, masikioni amevaa spika ndogo zisizosema kitu. Mtu wake wa mchezoni alikuwa ameketi upande wa kulia wa benchi, ameacha nafasi.

"Amekuja?"

"Bado."

Dada alivuta kiti cha wateja, akaketi karibu naye, na wote wawili wakautazama mto. Fundi alikuwa na mke wa kweli, mwenye kuchoka, mwenye kuchelewa, mwenye maswali mengi, aliyekuwa njiani kumjia kila jioni. Akamwacha kwa ajili ya kivuli cha bure kilichopita siku chache na kuondoka na kila kitu. Kwa hakika wahenga hawakukosea waliposema: usiache mbachao kwa msala upitao.